"Hapa kuna mtu"

Agosti imeingia, msimu unafunguliwa, na mimi nina neno na wanaoshika viti pale Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Simba Day, tamasha la klabu ya soka ya Simba la kutambulisha wachezaji wa msimu mpya, lipo tangu 2009, na la watani wao Yanga, Wiki ya Mwananchi, tangu 2019. Siku hizo watu wanaanza foleni asubuhi, maana uwanja unabeba watu 60,000 na tiketi ya mzunguko, yaani ya majukwaa ya kawaida, haikupangii kiti. Anayewahi ndiye anayekaa. Basi mimi huwahi. Natoka Mbagala bado giza, nasimama juani mpaka mlango unafunguliwa, napanda ngazi mbio, halafu nakuta kijana mmoja ametandaza skafu, kofia na chupa za maji kwenye viti tisa. "Hapa kuna mtu, kaka." Mtu yupi? Huyo mtu yuko nyumbani, hata daladala hajapanda!

Kinachoniuma zaidi ni kuona mzee wa watu, jezi yake imepauka kwa miaka ya kushangilia, amesimama kwenye ngazi huku viti vimekaliwa na skafu. Wenye viti wanakuja wachezaji wapya wameshatambulishwa, na bado wanataka tuwapishe njia.

Kumshikia mwenzako aliyekwenda chooni, sawa, wote tunashikiana. Lakini tisa? Jamani, tiketi moja ni kiti kimoja, awe Simba awe Yanga. Safari hii nikikuta skafu naiweka pembeni, nakaa. Rafiki zako waambie waamke alfajiri kama sisi.