Mteja Halisi wa Mike McClain

Mji wa Quincy uko magharibi kabisa mwa jimbo la Illinois, ukingoni mwa mto Mississippi, na umeme wake hauletwi na ComEd. Kampuni hiyo inauza umeme kaskazini mwa jimbo, Chicago na viunga vyake, kwa wateja zaidi ya milioni 4. Hata hivyo, mtu aliyeisemea ComEd kwa miaka mingi katika Bunge la Illinois alikuwa wakili wa Quincy, Michael McClain. Aliwahi kuwa mbunge, na ubunge ulimwachia rafiki.

McClain alikaa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa takriban miaka kumi, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa tiketi ya chama cha Democratic. Humo alijuana na Michael Madigan wa Chicago, aliyeingia mwaka 1971. Mwaka 1980 wapiga kura wa Illinois walipunguza viti vya baraza hilo kutoka 177 hadi 118, na Bunge jipya lilipokutana Januari 1983 McClain hakuwamo. Mwezi huohuo Madigan alichaguliwa kuwa Spika. Mmoja katoka nje, mwenzake kakabidhiwa funguo. Ukiondoa miaka miwili tu ya katikati, Madigan alizishika funguo hizo hadi 2021, muda ambao hakuna kiongozi mwingine wa bunge nchini Marekani aliyeufikia.

McClain akawa mshawishi. Mtaani kwetu tuna jina linalokaribia zaidi: mpiga debe. Gari si lake, wala haendeshi, lakini kila abiria anayepanda humwachia chochote. Wapiga debe wa Springfield, makao makuu ya Illinois, huandikishwa serikalini na kuvaa suti. Husimama kwenye reli ya shaba ghorofa ya tatu, nje ya ukumbi wa Bunge, wakiwasubiri wabunge watoke.

Kazi hiyo si haramu. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanampa kila mtu haki ya kuipelekea serikali malalamiko yake, na anayelipwa kuyapeleka kwa niaba ya mwingine naye analindwa. Kuna pia suala la njaa. Mbunge wa jimbo la New Hampshire hulipwa dola 100 kwa mwaka, wa Texas dola 7,200. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba akishatoka bungeni asiuze alichojifunza humo, unamwambia utumishi wa umma ni wa wenye mali peke yao. Na alichojifunza kina thamani ya kweli. Mwalimu au mkulima aliyechaguliwa jana atajuaje namna bei ya umeme inavyopangwa? Mtu aliyewahi kuketi katika kiti kama chake anaweza kumweleza kwa nusu saa.

McClain alipokuja kushtakiwa kwamba alisaidia kumhonga Madigan kwa niaba ya ComEd, upande wa utetezi ulikuwa na mifano. Mwaka 2011 Bunge la Illinois lilipitisha sheria iliyoiruhusu ComEd kurudisha gharama za kuboresha gridi kupitia kanuni maalumu ya bei. Gavana Pat Quinn aliikataa, Bunge likampiku. Mwaka 2016 ikaja sheria ya kuviokoa vituo viwili vya umeme wa nyuklia vya Exelon, kampuni mama ya ComEd, yaani Clinton na Quad Cities, kwa takriban dola bilioni 2.35 ndani ya miaka kumi, fedha zinazotoka kwenye bili za wateja. Hiyo ya pili iliungwa mkono na vyama vya wafanyakazi na baadhi ya wanamazingira, na aliyeitia saini ni Bruce Rauner, gavana wa Republican aliyekuwa hasimu mkubwa wa Madigan. Kama kila kitu kilinunuliwa kwa rafiki mmoja, hawa wengine walinunuliwa na nani? Hilo ni swali la haki, na sijaona likijibiwa vizuri.

Lakini kulikuwa na kanda. Mwaka 2018 FBI waliinasa simu ya McClain, na mwaka uliofuata mkurugenzi mmoja wa ComEd, Fidel Marquez, alikubali kuvaa kinasa sauti. Kilichosikika hakikuhusu nyuklia wala gridi. Kilihusu ajira. Tangu 2011 hadi 2019, kiasi cha dola milioni 1.3 kilipitishwa kwa makandarasi na kuwafikia watu wa Madigan waliofanya kazi kidogo au wasifanye kabisa. Tanzania tungewaita wafanyakazi hewa, na tungeelewana mara moja. Vijana wa kata ya 13 ya Chicago, ngome ya Spika, walitafutiwa nafasi za mafunzo kazini. McClain ndiye aliyebeba maombi hayo, na katika mazungumzo yake Madigan alikuwa "rafiki yetu".

Kwangu, ushahidi mzito kuliko wote ni mdogo kuliko hayo. McClain aliwahi kueleza kwamba miaka mingi nyuma aliamua moyoni mwake kuwa mteja wake ni Spika, wala si makampuni yanayomlipa. Na mwishoni mwa 2016, alipotangaza kustaafu, alimwandikia Madigan kwamba atabaki darajani na bunduki yake akiilinda familia ya Madigan. Barua ya mapenzi ya kisiasa, unaweza kusema. Lakini ComEd ilikuwa ikilipa ankara za mtu ambaye moyo wake ulikuwa kwa yule aliyepaswa kushawishiwa. Ni kama konda anayemlipa mpiga debe, kumbe debe linapigwa kwa niaba ya trafiki.

Mahakama zenyewe hazikukubaliana. Julai 2020 ComEd ilikubali kulipa dola milioni 200 ili mashtaka dhidi yake yaahirishwe. Mei 2023 jopo la wazee wa mahakama Chicago lilimtia hatiani McClain pamoja na Anne Pramaggiore, aliyekuwa mkuu wa ComEd, na washawishi John Hooker na Jay Doherty. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Snyder, ikaamua kwamba sheria ya shirikisho kuhusu hongo kwa maofisa wa majimbo na miji haihusu zawadi ya shukrani inayotolewa baada ya jambo kufanyika. Watanzania wanaokumbuka mabishano ya takrima, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006, wataona wanaijua hoja hiyo. Kutokana na uamuzi huo, Machi 2025 jaji alizifuta hatia za hongo za wale wanne, zikabaki za kula njama na kughushi vitabu vya hesabu. Mwezi mmoja kabla, jopo jingine lilimtia Madigan hatiani kwa makosa 10 kati ya 23, lakini kuhusu McClain, aliyeshtakiwa pamoja naye, halikuafikiana hata kwa shtaka moja. Watu wazima kumi na wawili walizisikiliza kanda, wakashindwa kukubaliana kama aliyesikika ni mhalifu au rafiki mwema kupita kiasi. Mwishowe, Julai 2025, kwa makosa yaliyobaki ya kesi ya kwanza, McClain alihukumiwa miaka miwili jela akiwa na miaka 77. Madigan alikuwa amepewa miaka saba na nusu mwezi uliotangulia.

Dawa inayotajwa kila kashfa ya aina hii inapozuka ni kipindi cha kusubiri: mbunge akitoka, akae kando kwanza kabla ya kurudi kama mshawishi. Illinois iliweka miezi sita kwa sheria ya 2021, na hata hiyo ilimlenga anayejiuzulu katikati ya muhula. Anayemaliza muhula wake anaweza kusimama kwenye reli ya shaba siku inayofuata. Mkaguzi wa maadili wa Bunge, Carol Pope, alijiuzulu mwaka huohuo akilalamika kwamba ofisi yake imeachwa bila meno. Tuseme basi ingekuwa miaka miwili, au mitano. McClain alitoka bungeni Januari 1983. Barua ya darajani aliiandika baada ya karibu miaka 34. Hakuna kipindi cha kusubiri kitakachomfikia mtu wa namna hiyo.

Wengine husema punguza miaka ya wabunge, Madigan mwingine asizaliwe. Michigan walifanya hivyo. Tangu 1992 mjumbe wa Baraza lao la Wawakilishi alikuwa na miaka sita tu maishani. Rick Johnson, mkulima wa ng'ombe wa maziwa, aliingia, akawa Spika kuanzia 2001 hadi 2004, muda wake ukaisha, akafungua kazi ya ushawishi. Mwaka 2017 aliteuliwa kuongoza bodi ya leseni za bangi ya tiba. Mwaka 2023 alikiri kupokea hongo ya zaidi ya dola 110,000 akiwa kwenye kiti hicho, akafungwa miezi 55. Kule walioubeba uzoefu wa muda mrefu walikuwa washawishi, kwa kuwa wabunge waliondolewa wakiwa bado wanajifunza njia za jengo. Mwaka 2022 wapiga kura waliulegeza utaratibu huo, miaka ikawa 12 kwa mabaraza yote mawili kwa jumla.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka mlango huu uzibwe kabisa. Mbunge mstaafu anayetaja wazi anayemlipa na anachokitaka namwona hana kosa, hata akiwa tajiri. Ningeanzia kwenye orodha ya maombi: kila kazi, kandarasi au nafasi ya mafunzo ambayo kiongozi wa Bunge anaiombea mtu wake katika kampuni yenye muswada mbele yake, iandikwe na itangazwe, na aliyeyapeleka maombi atajwe. Fomu anayojaza mshawishi wa Illinois inamtaka aandike anamwakilisha nani. Kwa miaka yote hiyo McClain aliandika majina ya makampuni.