K na A ni zetu: mchora herufi kati ya London na Mtwara

Vijana wa Mtwara na Lindi wanaochora herufi kwa kujitegemea hutuuliza sisi tulio London swali moja: ni lazima kuhama ili kazi ikue? Kwa upande wa kubuni, jibu langu ni hapana. Kwa upande wa mikataba na malipo huku wametuzidi, na hilo ni vyema kulijua mapema.

Tuanze na lugha, maana ndiyo malighafi yetu. Masomo mengi ya herufi yanayozagaa mtandaoni yametungwa kwa ajili ya Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuitunza e, t na h kwanza. Kiswahili kina mwendo wake. Karibu kila neno linaishia kwa irabu, a imetapakaa kila mahali, na k, m, n na w hazikauki. Andika WAKATI kwa herufi kubwa uone. W na A zinalaliana vizuri, A na T pia. Lakini hapo katikati, AKA, panafunguka mapengo mawili upande wa juu, kwa sababu miguu ya A inaigusa K chini huku vichwa vikiwa mbali. Ukizisogeza zaidi, miguu inagongana.

Dawa ni kuanza na AKA kabla ya herufi nyingine yoyote. Kata ncha ya A iwe bapa, fupisha mguu wa K kidogo, kisha panga nafasi mpaka mapengo hayo yatulie. Baada ya hapo legeza WA na ATI zifanane nayo. Wengi hufanya kinyume: wanabana WA kwa sababu inabanika, halafu neno linaonekana limekatika katikati. Fonti nyingi za bure zina kasoro hiyohiyo, kwa hiyo usiziamini kwa Kiswahili kabla hujazijaribu kwa KAKA, KWAKO na MAKAAZI. Ile alama ya ng' nayo ichorwe ikiwa na mkunjo wake, ipewe nafasi yake, isiegemee irabu inayofuata.

Shule nzuri kuliko zote kwa hili ni kanga. Jina la kanga ni sentensi nzima inayopaswa kukaa kwenye mstari mmoja, juu ya pindo la chini, kwenye kitambaa cha takribani sentimita 150 kwa 110. Sentensi ikiwa ndefu, anayeanza huibana kwa kompyuta kutoka kushoto na kulia. Matokeo yake nguzo za herufi, yaani mistari yake ya kusimama, zinakonda lakini mistari ya kulala inabaki minene, na jina linaonekana limesinyaa. Herufi nyembamba huchorwa upya, unene wa nguzo ukilindwa. Kabla ya herufi za Kilatini kushika nafasi, kanga nyingi ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko ule haukuwa na tatizo hili: mkono wa herufi unaweza kuvutwa ukajaza mstari. Anayetaka wazo jipya aanzie hapo.

Kisha kuna Kilwa. Sarafu zake za shaba ni ndogo kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kidole, lakini maandishi ya pande mbili yana vina: jina la sultani upande mmoja, sifa ya Mungu upande wa pili, zikimalizikia sauti moja. Sarafu tano za namna hiyo ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia. Mtu wa Lindi anayetafuta mfano wa nembo ndogo inayobeba maneno mengi ana kazi ya wahenga wake mkoani kwake.

London ina utajiri wake, siwezi kuupunguza. Maktaba ya St Bride, iliyofunguliwa mwaka 1895, imejaa vielelezo vya chapa. Herufi ambazo Edward Johnston alizichorea reli ya chini ya ardhi mwaka 1916 bado ndizo sura ya jiji. Matangazo ya kale yaliyopakwa ukutani bado yanasomeka, sababu mojawapo ikiwa rangi za zamani zenye madini ya risasi, ambazo leo hazifai kutumiwa kwa kuwa ni sumu. Lakini katikati ya Desemba huku urefu wa mchana haufiki saa nane, na kabla ya saa kumi jioni jua limezama. Rangi uliyoichagua chini ya taa hubadilika ukiitoa nje. Mtwara, takribani digrii kumi kusini mwa ikweta, mwaka mzima una mwanga wa karibu saa kumi na mbili. Hiyo ni mali.

Tatizo la pwani yetu ni chumvi. Jina la mashua linapakwa huko Msangamkuu, karibu na Mtwara, na baada ya miezi michache linavimba malengelenge. Rangi hulaumiwa, lakini mara nyingi kosa ni mbao iliyopakwa bila kuoshwa: chumvi iliyobaki ndani inavuta unyevu, unyevu unaisukuma rangi. Osha kwa maji baridi yasiyo ya bahari, acha ikauke kabisa, piga msasa, paka rangi ya msingi, kisha mikono miwili myembamba ya rangi ya mafuta badala ya mmoja mzito. Usipime mstari wa herufi kwa rula. Omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, imepinda, na mstari ulionyooka kwa rula utaonekana unashuka. Fuata ukingo wa ubao. Herufi ya sentimita 15, yenye nguzo ya sentimita 2.5 hivi, inasomeka vizuri kutoka mita 40. Ukuta wa chokaa wa nyumba za kale za Mikindani unataka kinyume chake: rangi ya mafuta huufungia unyevu ndani na kubanduka vipandevipande, kwa hiyo tumia rangi ya chokaa.

Sasa malipo. Uingereza ina sheria ya mwaka 1998 inayompa mfanyabiashara haki ya kudai riba kwa deni la kibiashara lililochelewa, asilimia 8 juu ya riba ya benki kuu. Mteja analijua hilo hata usipolitamka. Kwetu ngao hiyo lazima uiandike mwenyewe. Haki ya mchoro unayo tayari chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kinachokosekana ni karatasi. Nusu ya malipo kabla ya penseli kugusa karatasi. Marekebisho mawili, la tatu linalipiwa. Taja matumizi: ubao wa duka moja la Ligula, Mtwara, si fulana, wala si mifuko ya korosho ya kusafirisha nje, na kila moja ina bei yake na muda wake. Mpaka malipo yakamilike, mpelekee mteja picha ndogo yenye alama yako katikati. Faili la vekta, yaani mchoro kamili unaoweza kukuzwa bila kuharibika, lisitoke kwenye kompyuta yako.