Na waliobaki Eindhoven?

Makala niliyosoma inasifu jinsi Philips, kampuni ya Uholanzi ya taa na redio yenye viwanda katika mji wa Eindhoven, ilivyohamishia makao yake ya kisheria Curaçao, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Uholanzi, mwaka 1940, Ujerumani ilipoivamia Uholanzi, na mali zake za Marekani na Uingereza zikashikwa na wadhamini ili Wajerumani wasizitwae. Sawa, mali za ng'ambo zilinusurika. Viwanda vya Eindhoven havikuhamishika: vilifanya kazi chini ya wasimamizi wa Kijerumani, na Desemba 1942 ndege za Uingereza zikavipiga mabomu, raia wa mjini wakafa. Frits Philips, mkurugenzi kutoka familia ya waanzilishi, alibaki, akafungwa 1943 baada ya mgomo wa wafanyakazi. Karakana ya kampuni ndani ya Vught, kambi ya mateso ya Wanazi huko Uholanzi, ilisaidia Wayahudi 382 kunusurika; kwa hilo namheshimu sana. Mwandishi angeanzia hapo, si kwa wanasheria waliopanga uhamisho wa Curaçao.