Msiiwashe Hiyo Kombi

Kila baada ya wiki chache inasambaa tena video ileile. Kombi, ile Volkswagen ya zamani, imelala chini ya mwembe miaka 15 au 20, majani yamefika dirishani. Inaletwa betri ya kuazima, mtu anamimina petroli kwenye kabureta kwa kifuniko cha chupa, mwingine anapiga stata. Injini inakohoa, inatema moshi, inashika. Watu wanaruka kwa furaha: Mjerumani hafi!

Inaniuma kila nikiiona, kwa sababu mara nyingi ndiyo siku injini hiyo inapouawa. Imevumilia mvua na jua miaka yote hiyo, halafu inamalizwa kwa dakika 20 na watu wanaoipenda.

Kombi hizi za zamani hazina rejeta, hilo kila mtu analijua. Injini inapozwa na upepo, na upepo huo una njia yake. Feni inavuta hewa ya juu, ndani ya chumba cha injini, inaisukuma chini katikati ya mapezi ya silinda (zile kingo nyembamba za kutolea joto), hewa inatokea chini ya gari ikiwa ya moto. Sasa, gari likilala, mahali pakavu na penye giza kuliko pote ni palepale chini ya kava la feni, juu ya mapezi. Panya wanapajua. Wanapajaza sponji za viti, nyasi na vitambaa, mkojo wao unakaa humo unakula aluminiamu. Kwa nje huoni kitu. Injini inawaka na kulia vizuri kabisa, huku upande mmoja unaiva. Ya kwanza kuumia huwa silinda ya 3, ile ya kushoto mbele, kwa sababu kwenye injini za kabla ya 1971 kipoza oili kimesimama kwenye njia ya upepo wake. Valvu yake ya kutolea moshi inachoka kwa joto, kichwa kinakatika, kinaangukia pistoni. Hapo hakuna cha kurekebisha ila kufungua injini nzima.

Kwa hiyo kabla ya betri, kabla ya petroli, kava la feni litoke. Toa mkanda, kabureta na kamba ya chuma inayoshika dainamo. Ingia chini upande wa kulia ufungue thermostati, kifaa kinachofungua vibao vya upepo ndani ya kava injini ikipata joto, kilicho chini ya silinda za 1 na 2, la sivyo utapinda fimbo yake ukinyanyua. Kisha toa skurubu za pembeni, unyanyue kava lote pamoja na dainamo yake. Safisha mapezi hadi uone mwanga ukipita katikati yake.

Mabati yote yanayoifunika injini yarudi. Na ule mpira unaozunguka injini, unaoziba pengo kati ya mabati na bodi, urudi pia. Mafundi wengi huutupa wakisema injini ipumue. Haipumui! Bila mpira huo, hewa ya moto iliyotoka chini inapanda tena juu, feni inaivuta mara ya pili. Mjini hutajua. Utajua ukiwa katikati ya mlima wa Kitonga kule Iringa, gia ya pili, umebeba watu na kitanda na jiko. Nakubali kwa shingo upande kwamba Dar au Mombasa unaweza kuishi bila thermostati, mradi vile vibao vya ndani ya kava vimekazwa vikiwa wazi. Mpira, hapana.

Baada ya hapo toa plagi zote nne, weka kijiko kimoja cha chai cha oili laini kila silinda, acha siku mbili. Zungusha kwa mkono, spana ya 21 kwenye nati ya puli ya dainamo. Ikigoma, ongeza oili na usubiri, usilazimishe. Nafasi za valvu zipime injini ikiwa baridi kabisa, ziwe milimita 0.15. Mwaga oili ya zamani, safisha chujio la wavu lililo chini, weka lita 2.5 mpya. Zile nati sita ndogo za sahani ya chujio zikaze taratibu, nyuzi zake huliwa haraka. Plagi zikiwa bado nje, piga stata hadi taa ya oili izimike.

Mipira ya petroli yote ibadilishwe, hata inayoonekana mizima. Upande wa injini mpira wake ni milimita 5.5 kwa ndani. Ukiweka wa robo inchi, ambao ni 6.35, utalegea kwenye bomba. Petroli ikidondokea kwenye injini ya moto ni moto, na kasha la injini hii ni la magnesiamu. Likishika, maji yanalichochea. Tenki liko juu ya gia boksi na halitoki bila kushusha injini, kwa hiyo kama inashuka, maliza na tenki papo hapo.

Breki: hosi zote nne mpya, maana za zamani huvimba kwa ndani na kubana tairi. Kama ina jiko na mtungi wa gesi: bomba jipya, povu la sabuni kila kiungo, kabla mtu hajalala humo. Rangi mnayoikimbilia mwanzoni ije mwisho, baada ya kuchomelea vizingiti vya milango na sehemu za kutilia jeki.

Ndipo uiwashe. Dakika 20, si zaidi, kisha izime na umwage oili hiyo ikiwa bado ya moto. Toa chujio, liweke juani uligeuze geuze. Masizi meusi si neno. Ukiona vumbi linalong'aa kama fedha, usiipige stata tena, shusha injini.