Umeme Ukikatika Texas, Kila Kitu Kinakatika Nao

Ndugu wa Tanzania wakisikia kimbunga kimepiga Houston hutupigia simu sisi tulio huku Texas kutupa pole, kisha huongeza kwamba afadhali sisi, kwani huku umeme haukatiki. Unakatika. Februari 2021 baridi kali iliangusha mitambo ya umeme Texas, nyumba zaidi ya milioni 4 zikabaki gizani, nyingine kwa siku kadhaa. Jimbo lilihesabu vifo 246, vingi vya baridi. Julai 2024 kimbunga Beryl kikawakatia umeme wateja zaidi ya milioni 2 upande wa Houston, safari hii katikati ya joto kali. Ukiniuliza, nyumba ya kawaida ya Tanzania inastahimili giza kuliko ya Texas, na anayehamia huku anapaswa kujua sababu kabla msimu wa vimbunga, Juni hadi Novemba, haujamkuta.

Nyumbani Tanzania si kila kazi inategemea umeme. Chakula kinapikwa kwa mtungi wa gesi au mkaa, maji yanashuka yenyewe kutoka simtanki juu ya mnara, hewa inapita madirishani. Umeme ukienda unapoteza taa, friji na chaji ya simu. Texas mara nyingi jiko ni la umeme, hita ni ya umeme, na nyumba yenye kisima chake inategemea pampu. Hata penye hita ya gesi, feni inayosukuma hewa ya moto vyumbani inataka umeme, kwa hiyo gesi ipo na nyumba inaganda.

Hapo ndipo watu wetu wanapopotea, kwa sababu wanakumbuka jiko la mkaa. Tafadhali, usiliingize ndani. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Makaa yaliyokolea, mekundu, yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi: moshi umekwisha, gesi inaendelea kutoka. Nyumba ya Texas imezibwa kila upenyo ili itunze ubaridi wa kiyoyozi, kwa hiyo gesi haina pa kutokea. Desemba 2006, upepo mkali ulipokata umeme maeneo ya Seattle, wengi waliodhurika kwa njia hii walikuwa wahamiaji. Na tusijidanganye kuwa ni jambo la ugenini tu. Mikoa yetu ya baridi kama Njombe inaijua hatari hiyo kwa mtu anayelala na jiko chumbani.

Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikija, usingizi mzito ukawashika watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, ndipo mpige 911, namba ya dharura. Kuwasha gari gerejini ili kupata joto ni hatari ileile, hata mlango wa gereji ukiwa wazi. Jenereta likae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, moshi wake ukielekea mbali na madirisha. Usilichomeke kwenye soketi ya ukutani: umeme unarudi kwenye laini, transfoma inaupandisha hadi maelfu ya volti, na fundi aliye juu ya nguzo anauawa. Nunua kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi kinachotumia betri.

Baridi ina mambo yake. Mabomba mengi ya Texas yamepita darini na kwenye kuta za nje bila kufunikwa. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na presha hukwama kati ya barafu na koki iliyofungwa. Ndiyo maana unaacha koki idondoshe matone. Umeme ukikawia, funga valvu kuu ya maji, kisha fungua koki ya chini kabisa bomba lijimwage. Kabla ya hapo jaza bafu maji ya kumwaga chooni, na weka ya kunywa lita 4 kwa mtu kwa siku.

Friji usiifungue ovyo. Ikibaki imefungwa hutunza ubaridi kwa saa 4. Friza iliyojaa huutunza kwa saa 48, na iliyojaa nusu tu, kwa saa 24. Nyama au maziwa yaliyokaa zaidi ya saa 2 juu ya nyuzi 4 za Selsiasi, tupa.

Desturi ya nyumbani inayofaa kuigwa huku ni betri na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi. Betri ya risasi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina Wh (wati-saa) 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu unaiua mapema. Zinabaki 600, inveta inakula kidogo, unapata kama 500. Taa nne za LED za wati 5 na rauta ya wati 10 zinakwenda usiku kucha. Jiko la umeme la wati 1,500 lingeimaliza ndani ya dakika 20.

Udhaifu wa nyumba za Tanzania ni paa, na pale umeme unaporudi. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema ujio wa kimbunga Hidaya, lakini tangazo halikazi bati. Upepo huingia chini ya ukingo na kuinua, kwa hiyo misumari iongezwe pembezoni, na kenchi zifungwe kwa waya kwenye linta, zisilale tu juu ya ukuta. Nunua uniti za LUKU kabla mtandao wa simu haujaanguka. Umeme ukikatika, zima vifaa vyote, uache taa moja tu ikiwa imewashwa ikuonyeshe umeme umerudi. Ukirudi, subiri dakika 10 ndipo uwashe friji: mara nyingi hurudi na kukatika tena, volti zikiwa juu au chini mno, na kompresa inayolazimishwa kuanza kabla presha yake haijatulia huungua.