Nani aipime bahari ya Kisiwa Panza?

Kisiwa Panza, ng'ambo ya Chokocho kusini mwa Pemba, ni miongoni mwa vijiji vya mwanzo Zanzibar kukubaliana kufunga sehemu ya miamba yao ili pweza wapate kukua. Kwa miezi mitatu hivi haingii mtu. Kisha mwamba hufunguliwa, watu hushuka, na pweza hupimwa kwa mzani. Wanaopima na kuandika ni wanakijiji wenyewe. Mtindo huo umeenea, na pamoja nao imekuja hoja kubwa zaidi: kwamba utafiti wa mambo ya visiwa vidogo, kuanzia samaki hadi maji chumvi yanayoingia kwenye mabonde ya mpunga, uwe mikononi mwa wenyeji. Wapo wataalamu wanaosema huo si utafiti, ni hesabu za kijijini. Mimi niko upande wa wenyeji, ila kwa masharti ambayo wengi wa upande wangu hawapendi kuyasikia.

Nguvu ya mwenyeji ni kwamba yupo. Mtafiti wa nje hufuata bajeti na muhula wa chuo. Akishapata kibali na barua, huja siku zake akaondoka. Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, huja mara mbili kila mwezi, kaskazi na kusi, na kila ikija wapo watu mwambani. Utazame mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Cottonii, aina yenye bei nzuri kuliko spinosum, ilipoanza kufa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto, wao ndio walioiona ikipauka na kukatika kambani, msimu baada ya msimu. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alifanya nao kazi kwa miaka mingi, ikiwemo kujaribu kuupeleka mwani kwenye maji ya kina zaidi. Kwa upande wa joto, dawa ilikuwa sahihi. Lakini kina kinataka chombo, na kinataka mtu ajuaye kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawana hiki wala kile. Jambo kama hilo mkulima hulisema siku ya kwanza, akiulizwa.

Sasa upande wa pili, nao una uzito. Kisiwani kila mtu ni jamaa. Anayeshika daftari ni mtoto wa dada wa anayepimwa. Ami yake akipanda na pweza wadogo kuliko ilivyokubaliwa, atawaandika? Na aliyeingia usiku kwenye mwamba uliofungwa, jina lake litaonekana wapi? Muhali, yaani kuoneana haya, unaua ukweli mwingi katika visiwa hivi, na daftari la kijiji haliwezi kuukwepa. Wanaotilia shaka takwimu hizi hawazui.

Ila mgeni naye hapati ukweli kwa kuwa ni mgeni. Anapokelewa na sheha, anakalishwa barazani, anauliza kama samaki wamepungua, na anajibiwa kwa adabu kile kinachoonekana anakitaka, hasa ikinukia kwamba mradi uko njiani. Tofauti ni kwamba uongo wa jamaa unaweza kukamatwa. Majirani wanajua nani alirudi na nini. Jibu la barazani huingia kwenye tasnifu, tena kwa Kiingereza, na hakuna kijijini atakayelisoma akalipinga.

Ninapowakosoa wenzangu ni kwenye siku ya kufungua. Siku hiyo pweza ni wengi na wakubwa, wachuuzi wamejaa dikoni, pale vyombo vinapotua, na kilo zilizopatikana hutangazwa kama ushahidi kwamba kufunga kumefaa. Pweza hukua haraka na haishi zaidi ya mwaka mmoja hivi, kwa hiyo kumwacha miezi mitatu kunaongeza uzito, hilo silibishi. Lakini mwamba ambao haukuguswa miezi mitatu, ukavamiwa na kijiji kizima kwa asubuhi moja, lazima utoe kilo nyingi. Ili kujua faida, lazima uhesabu na zile asubuhi zote ambazo watu hawakushuka, na ulinganishe na mwamba jirani ulioachwa wazi. Anayetaja kilo za siku moja tu anajidanganya, awe profesa au mvuvi.

Na kilo hizo alizipata nani? Mwanamke anayetembea mwambani maji yakikupwa alikuwa akipata pweza mmoja au wawili, kitoweo na pesa ya unga. Kufungwa kwa mwamba kumemkata yeye kwanza. Siku ya kufungua, vijana wenye miwani ya kuzamia wanafika kwenye mashimo ya kina asikofika yeye, na wavuvi kutoka vijiji vyengine wameshapata habari. Jumla ikiwa kubwa, yeye anaweza kuwa amerudi na kidogo kuliko mwanzo. Mzani hauwezi kulionesha hilo kama karatasi haina safu ya kuliandika, na safu hiyo hukosekana pale fomu inapopangwa na wanaume wa kamati peke yao, au na ofisi ya mjini inayotoa posho. Utafiti wa namna hiyo unaitwa wa jamii, lakini jamii yenyewe imewakilishwa nusu.

Hata hivyo, kuacha kuandika ni hatari zaidi. Miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kukikabidhi kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, kwa mwekezaji wa hoteli. Wavuvi walipinga, na mwaka 1998 kisiwa kikatangazwa eneo la hifadhi ambalo wavuvi wanaendelea kulitumia. Tangu 2021 Serikali imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji kupitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar. Kijiji chenye rekodi ya miaka kumi ya nani anavua wapi na anapata nini kina la kuweka mezani. Kisicho nayo kitasema "tangu mababu", na hilo halijazwi kwenye fomu ya mtu. Ni kweli ramani ya miamba inaweza pia kumfaa anayetaka kuwatoa, na ndiyo maana nakala ya kwanza ya daftari lazima ibaki shehiani, isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu, ikosolewe, kabla kitu chochote hakijavuka kwenda mjini. Wataalamu wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, na wa Taasisi ya Sayansi za Bahari waitwe kukagua njia ya upimaji, bila kulichukua daftari. Mwamba wa pili, usiofungwa, upimwe mwaka mzima kwa mzani uleule, na miongoni mwa wanaoshika kalamu wawemo wanawake wanaovua kwa miguu.