Msiling'oe beseni la kukunja

Behewa la zamani likikarabatiwa, watu husifu mbao zilizong'arishwa, mapazia na taa za mezani. Mimi huanzia chooni. Huko ndiko ninakojua kama fundi amemheshimu aliyelibuni, kwa sababu huko ndiko kishawishi cha kubandika vitu vya kisasa kinapokuwa kikubwa.

Tukumbuke choo ndani ya treni hakikuwa jambo la kawaida. Uingereza, treni ya kwanza yenye ujia wa pembeni, ambao abiria aliupitia kufika chooni, ilianza mwaka 1892 chini ya kampuni ya reli ya Great Western. Kabla ya hapo abiria wa kawaida aliyebanwa alivumilia hadi kituoni, akatoka mbio, akarudi kabla ya filimbi.

Kilichokuja baadaye kinastahili kutunzwa. Katika vyumba vya mtu mmoja vya mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, Marekani, beseni la chuma cha pua lilifichwa ukutani. Unalivuta linashuka, unanawa, unalirudisha juu, na maji machafu yanateremkia nyuma yake hadi kwenye bomba. Niliwahi kulifungua na kulifunga moja mara tatu katika behewa la makumbusho, kwa furaha tu ya kusikia linavyokaa mahali pake. Kitanda nacho kilishukia juu ya choo kilichokuwa humohumo chumbani. Ukishikwa na haja usiku wa manane, sharti ukipandishe kwanza. Usumbufu, ndiyo, lakini ndio uliowapa watu chumba chao wenyewe ndani ya nafasi finyu.

Tusiwasahau pia wahudumu Weusi wa Pullman. Waling'arisha viatu vya abiria usiku, na wengi walilala kwenye kochi la chumba cha kunawia cha wanaume. Chama chao cha wafanyakazi, kilichoundwa mwaka 1925, kilipata mkataba na kampuni mwaka 1937 tu. Ukiling'oa kochi hilo uweke bafu, umefuta ushahidi wa walikolaza ubavu.

Sipingi mabadiliko yote. Mabomba yaliyomwaga uchafu moja kwa moja relini yaondoke, maana wapo mafundi wanaofanya kazi chini huko. Fungeni tangi chini ya sakafu. Lakini koki, kioo, kitasa na pedali viachwe: nikikanyaga, nihisi uzito uleule wa chuma alioukanyaga msafiri wa wakati ule.